Siku saba Florida na Mama: Disney, chemchemi na bakuli la jirani

Wiki tatu zimepita tangu turudi Clarkston, Georgia, na mchanga wa Florida bado natoa kwenye viti vya gari. Niliwaahidi jamaa wanaopanga kuwapeleka watoto Disney kwamba nitaandika, kwa hiyo nimekaa na risiti, picha za simu na kijidaftari kilicholowa mvua siku ya tatu. Palipofutika nimemuuliza Mama, ambaye hasahau kitu.

Tulikuwa sita: mimi, baba watoto, kifungua mimba wa miaka 12, wa katikati wa miaka 6, kitinda mimba wa miaka 2, na Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Kisauni, Mombasa, na kukataa kutwambia umri wake kwa kuwa "hauwahusu Wamarekani".

Mpango wa kwanza aliuandika baba watoto kwenye jedwali la rangi: bustani tatu za michezo za Disney mfululizo, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, "tuzimalize", halafu tupumzike siku mbili kabla ya kurudi. Jedwali lilikuwa zuri sana. Lilidumu hadi Jumatano saa tisa alasiri.

Siku ya 1, Jumatatu 9 Juni: Clarkston hadi Kissimmee

Idd ilikuwa imepita siku tatu tu, na nyama ya mabaki ikaingia kwenye sambusa za njiani. Mama aliamka saa tisa usiku kukaanga mahamri. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tukaingia barabarani.

Njia yenyewe haina ufundi: unaishika I-75 kuelekea kusini, Macon, Tifton, Valdosta, unavuka mpaka wa Florida, hadi Wildwood ambapo unaingia barabara ya kulipia inayoelekea Orlando. Ni kama kilomita 720. Asiyesimama huenda kwa saa saba. Sisi tulikuwa na mtoto wa miaka miwili na mzee mwenye magoti, tukasimama mara sita.

Karibu na Tifton tuliona kibao cha karanga za kuchemsha. Huko ndiko nchi ya karanga ya Georgia, na huziuza zikiwa na maganda yake, zimechemshwa kwa chumvi hadi zikalainika, kwenye mfuko unaochuruzika maji. Mfuko dola sita. Mama alionja moja, akaitafuna polepole, akamtazama yule mzee muuzaji, akaniambia: "Mwambie amepatia." Nikatafsiri. Mzee akavua kofia, akachota mfuko wa pili akamkabidhi Mama mwenyewe, na pesa akakataa kata kata.

Kabla ya Ocala, ajali mbele yetu. Saa mbili tumesimama, injini inaunguruma, jua kali, kitinda mimba amevua kila kitu isipokuwa nepi. Sambusa zote ziliishia hapo. Tulifika Kissimmee, mji wa jirani na Disney tulikokodi nyumba, saa kumi na moja jioni badala ya saa nane.

Kwa anayetoka Georgia: kile kifaa cha kulipia barabara, Peach Pass, ulichobandika kwenye kioo kinasomeka pia kwenye barabara za kulipia za Florida, huna haja ya kununua cha kwao. Na ukiweza, usipange bustani kesho yake asubuhi. Sisi tulipanga.

Siku ya 2, Jumanne 10 Juni: Animal Kingdom

Hapa ndipo mtu wa Pwani anapopata burudani ambayo haimo kwenye tiketi. Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama, ilifunguliwa mwaka 1998, na upande wake wa Afrika ni mji wa kubuni unaoitwa Harambe, uliojengwa kwa kuigiza Lamu. Harambe, kwa "e" moja. Mama alisimama chini ya kibao akasoma kwa sauti, akasubiri kama kwamba herufi ya mwisho itatokea, kisha akauliza: "Ile nyingine imeliwa na nani?"

Kuta wamezipatia. Ule weupe uliopauka, plasta iliyobanduka ikaonyesha mawe ndani, rangi ya kutu chini ya bomba la maji ya mvua: ukipiga picha bila watu unaweza kumdanganya mtu wa Mkomani, Lamu. Hapa na pale wameandika mwaka wa uhuru wa mji huo, 1961. "Kumbe hawa ni Tanganyika," alisema Mama. Lakini alizunguka ule mji wote na mwisho akatoa hukumu: "Lamu gani hii isokuwa na punda?"

Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, ambamo hakununua kitu kwa sababu za kizalendo. Kuna mahali pa vitafunio panaitwa Tamu Tamu. Na kuna Dawa Bar. Mama aliona neno "Dawa", na magoti yalikuwa yameshaanza kumuuma, akajikokota hadi kaunta kuulizia panadol. Kijana wa pale, mwenye adabu, akamwonyesha orodha ya vileo. Kifungua mimba alicheka hadi akakaa chini.

Ziara ya wanyama tuliifanya kwanza, saa mbili na robo asubuhi, kabla jua halijawalaza. Ni lori la wazi linalozunguka kama dakika ishirini, nao huuita mzunguko huo Kilimanjaro Safaris. Dereva alitusalimu "Jambo!" Watu wote wakaitikia "Jambo!" isipokuwa Mama, aliyejibu kama inavyotakiwa: "Sijambo, mwanangu. Wewe hujambo? Wazazi wazima?" Dereva akageuka, akatabasamu, akasema neno lake la pili la Kiswahili, ambalo nadhani ndilo la mwisho: "Asante!" Twiga alisimama njiani dakika tatu nzima. Wa katikati, aliyezaliwa Atlanta, ndio kwanza amwone twiga bila ukuta wa kioo, na mkono wake ulinibana hadi leo naukumbuka.

Kufikia saa sita tulikuwa tumefurahi vya kutosha. Tulipaswa kuondoka saa hiyo. Tulikaa hadi saa kumi na moja jioni, na saa tano zile za nyongeza katika daftari langu zina mistari miwili tu: "foleni dakika 65" na "aiskrimu imeanguka".

Mambo ya kuweka akilini. Chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa kuingia, mradi chombo kisiwe cha kioo; mahamri yetu yalipekuliwa, yakasifiwa, yakapita. Maji ya baridi kwenye bilauri hupewa bure ukiomba kwenye kaunta za chakula. Maegesho tulilipa dola 30 kwa gari. Kiti cha magurudumu tulikodi kwa dola 12. Mama alikikataa saa tatu, akakikubali saa tano, na saa nane alikuwa anamwelekeza baba watoto njia. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipiwi tiketi.

Siku ya 3, Jumatano 11 Juni: Magic Kingdom, bustani ya Disney yenye ngome

Kuamka saa kumi na mbili. Kuegesha. Kutoka maegesho bado hujafika: lazima uvuke ziwa kwa feri au uzunguke kwa treni ya reli moja. Kutoka mlango wa nyumba hadi lango la bustani, saa nzima na dakika kumi. Nalitaja hili kwa sababu ushauri utakaousikia kila mahali ni "rudini hotelini mchana mkalale, mje tena jioni". Ushauri mzuri kwa aliyepanga hoteli za ndani ya Disney. Kwa sisi wa Kissimmee ni saa mbili na zaidi za kwenda na kurudi, na mtoto anaamka kwenye maegesho na hasira zake.

Asubuhi ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Kitinda mimba alipanda mchezo wa tembo anayeruka mara mbili. Kifungua mimba alijitia hayamhusu mambo ya kitoto, kisha nikamkamata akiipungia mkono ngome.

Saa nane foleni zikawa ndefu kila upande. Saa tisa mbingu ikafunguka. Mvua ya radi ya Florida mwezi Juni haichelewi wala haiombi ruhusa: michezo ya nje yote husimamishwa, na maelfu ya watu hukimbilia vibaraza vilevile. Tulikuwa tumekodi kigari cha mtoto, tukakiacha nje, kikajaa maji.

Hapo wa katikati alilala chini. Chali, kwenye barabara kuu ya Disney, mbele ya ngome. Kisa, soksi. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imelowa na ya kushoto haijalowa, na hilo kwake halikuvumilika. Alilia kilio kile kisicho na sauti mwanzoni, mdomo wazi, halafu sauti inafika baadaye kama ngurumo. Nilimwambia baba watoto twende zetu. Akasema fataki ni saa tatu usiku na tumelipa. "Tumelipa nini, kuwatesa?" Tukagombana, kwa Kiswahili, tukitabasamu ili watu wasijue.

Mama alikuwa kimya kwenye kiti chake cha magurudumu, leso kichwani, na kimya cha Mama ni kibaya kuliko maneno. Mwishowe akasema: "Nirudisheni nyumbani." Nikamwambia ndio tunakwenda Kissimmee. Akanitazama. "Nimesema nyumbani. Kisauni."

Bibi mmoja aliyejibanza kibarazani nasi, mwenye lafudhi ya Kifaransa na wajukuu wanne wamefungwa mifuko ya plastiki kichwani, alichutama bila kutuuliza kitu, akafungua mkoba, akatoa soksi mbili kavu za mjukuu wake, za manjano. Akamvisha wa katikati zote mbili. Kilio kikakatika. Nilitaka kumrudishia, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Zile soksi ziko hapa. Hazifuliwi na nguo nyingine.

Tuliondoka saa kumi na nusu. Fataki hatukuziona, na jedwali likafutwa usiku huohuo.

Sasa sikilizeni habari ya tiketi, maana ndiyo iliyotuokoa. Tiketi ya Disney ya siku nyingi haikulazimishi siku mfululizo. Ya siku tatu hutumika ndani ya siku tano kuanzia tarehe uliyochagua. Ya siku nne ndani ya siku saba. Tena tangu Januari 2024, mwenye tiketi ya tarehe hahitaji kuweka nafasi ya bustani mapema. Kwa hiyo Epcot, bustani yetu ya tatu iliyopangwa Alhamisi, iliweza kusogea hadi Jumamosi bila senti kuongezeka. Tulikuwa na ruhusa ya kupumzika mkononi tangu mwanzo, na baba watoto hakuiona kwa sababu ilikuwa kwenye maandishi madogo, na mimi sikuiona kwa sababu nilimwachia yeye.

Siku ya 4, Alhamisi 12 Juni: mapumziko ya uongo

Siku ya kupumzika isiyo na mipaka hujaa kazi. Tuliamka saa tatu, kila mtu mpole, na badala ya kukaa hivyohivyo tukasema "basi twende mara moja tukatafute zawadi". Mama ana orodha ya watu kumi na wanne wa Mombasa, wakiwemo majirani wawili aliogombana nao. Saa tano nzima madukani, kwa miguu, chini ya kiyoyozi kilichotutoa kamasi. Kisha kufua. Kisha bwawa la mtaa, ambalo tuliingia dakika nane kabla ngurumo haijapiga na wote kutolewa majini. Jioni tulikuwa tumechoka kama jana, tofauti ni kwamba jana tuliona ngome.

Jambo moja lilitokea. Mama aliketi kizingitini akichambua mchele kwenye sinia, kazi ambayo mchele wa Marekani hauhitaji lakini Mama anaihitaji. Kissimmee imejaa watu wa Puerto Rico, na mama wa nyumba ya pili, mtu mzima kama yeye, alikuwa kibarazani kwake anamtazama. Akaingia ndani, akatoka na sahani: wali wa njano wenye mbaazi. Mbaazi! Mama aliinuka, magoti na yote. Huko kwao wali wa mbaazi ni chakula cha heshima, cha sikukuu, na wakati wote huu mimi nimeishi nchi hii miaka tisa bila kujua.

Kifungua mimba, anayesoma Kihispania shuleni, akatumwa kuuliza kama kuna nguruwe. Kulikuwa na nguruwe. Jirani akajipiga kibao cha paji la uso, akaitazama leso ya Mama, akacheka, akairudisha sahani yake, akaashiria kwa kidole: kesho.

Siku ya 5, Ijumaa 13 Juni: mapumziko ya kweli

Safari hii tuliweka sharti: kutoka mara moja tu, asubuhi, mahali pasipo na foleni wala kibao cha bei kwenye kila kitu, na saa sita tuwe nyumbani.

Tulikwenda Wekiwa Springs, bustani ya jimbo iliyo karibu na Apopka, mwendo wa kama saa moja. Kiingilio dola sita kwa gari zima, watu sita, ambayo ni chini ya bei ya aiskrimu mbili za Jumanne. Milango hufunguliwa saa mbili. Tulifika saa mbili kasorobo na mbele yetu magari kumi na moja. Wahini, kwa sababu pakijaa hufunga lango na kukurudisha, hasa wikendi za joto.

Maji hutoka chini ya ardhi kwenye mwamba wa chokaa, na mwaka mzima yana nyuzi 22 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Ukisimama ukingoni unaona mchanga mweupe wa chini ukicheza pale maji yanapochemka bila moto. Ukiingia, roho inaruka. Watoto walipiga kelele kisha wakazoea. Mama alisema yeye ataangalia tu. Akatia vidole. Akatia miguu hadi kwenye fundo. Baadaye nageuka namwona ameingia hadi kiunoni na dera lake limefura kama puto, amemshika kitinda mimba kwapani, anamwimbia. Sina picha, simu ilikuwa kwenye gari, na sisikitiki.

Tulirudi kabla ya adhuhuri. Baba watoto akaenda swala ya Ijumaa. Watoto wakalala, wote watatu, hata yule wa miaka 12 aliyedai hajalala mchana tangu chekechea. Mama na mimi tukapita dukani, na huko kwenye rafu ya vyakula vya Kihispania kulikuwa na mbaazi za mkebe, aina tano, na tui la mkebe pembeni yake. Alinunua mikebe minne. Saa tisa radi ikapiga kama kawaida yake, na sisi tuko jikoni: kitunguu, bizari, pilipili moja ya kijani iliyopasuliwa bila kukatwa, mbaazi, tui jepesi, na tui zito mwishoni huku unakoroga upande mmoja lisikatike. Mahamri ya mwisho yakapashwa moto.

Jirani alikuja saa kumi na moja na bakuli lenye kifuniko cha buluu. Aligusa kifuniko, akatikisa kidole: hakuna nguruwe. Mama akampakulia mbaazi za nazi kwenye sahani, hamri mbili juu. Walikula wamesimama jikoni, kila mmoja akila cha mwenzake, wakinena kila mmoja lugha yake kwa saa nzima. Nilimsikia Mama akimweleza habari za mafuta ya nazi na magoti. Yule naye akaonyesha magoti yake.

Siku ya 6, Jumamosi 14 Juni: Epcot, kuanzia saa tisa alasiri

Siku ya mwisho ambayo tiketi ingefaa. Baba watoto mwenyewe ndiye aliyesema twende alasiri. Maegesho yalikuwa dola 30 zilezile hata kwa anayefika jioni, na hilo lilimuuma kidogo.

Mvua ilipiga tukiwa bado maegeshoni, tukaingojea ndani ya gari tukila wali wa jirani. Ilipokatika joto lilishuka na nusu ya watu walikuwa wanatoka. Upande wa nyuma wa Epcot kuna mabanda ya nchi kumi na moja kuzunguka ziwa, mwendo wa kama kilomita mbili. Afrika ya kusini mwa Sahara haina banda. Liliwahi kupangwa halikujengwa, na mahali pake pana kibanda tu cha vinywaji kati ya China na Ujerumani. Mama alipita pale bila neno. Lakini banda la Moroko lilimshika. Mfalme Hassan II alituma mafundi wake kulijenga, na vigae vile vimekatwa kwa mkono kipande kwa kipande. Alivuta kiti kando ya chemchemi, akapapasa ukuta, akasema hawa hawakuigiza.

Tulipanda michezo miwili tu. Fataki tukaziona, hatimaye, kitinda mimba kichwani kwa baba yake, hakuna aliyelia. Saa sita tulizokaa Epcot ndizo watoto wanazozisimulia kwa marafiki zao, ukiacha ya Dawa Bar.

Siku ya 7, Jumapili 15 Juni: kurudi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tena. Ocala ilikuwa wazi. Mafuta kwenda na kurudi yalitugharimu dola 118, nyumba usiku sita dola 990 na ada ya usafi juu yake, tiketi tano zaidi kidogo ya dola 2,100. Ukiniuliza ningepunguza nini, ningepunguza siku moja ya bustani nikaongeza siku moja ya jiko.

Tulipopita Valdosta Mama akashtuka: "Bakuli!" Lilikuwa miguuni mwangu, limeoshwa, kifuniko cha buluu juu, tumelisahau kulirudisha. Baba watoto akauliza kama tuliagize kwa posta. Mama akasema chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na mbaazi haziendi kwa posta.

Liko juu ya friji. Mama anaondoka Agosti, na ameshaniuliza mara mbili shule zinafungwa lini mwakani.